Mkopo au ufadhili: binti aombe kipi?

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Baba yake ni marehemu, nami nauza samaki Rangi Tatu. Mara naambiwa mkopo, mara skolashipu. Nianzie wapi? – Mama, Mbagala

JIBU: Pole, mama, na hongera kwa kumfikisha hapo. Kwanza jua pesa ipi hurudishwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ni deni: akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, hairudishwi, ila huwaendea waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi. Anaweza kuipata, lakini asiitegemee hiyo peke yake. Aombe mkopo dirisha likifunguliwa. Ada ya maombi ni shilingi 30,000.

Kazi kubwa iko kwenye nyaraka, na ianze leo. Cheti chake cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Familia nyingi zina kibali cha mazishi tu, zikidhani kinatosha. Hakitoshi. Bila cheti cha kifo, Bodi haitamtambua kuwa amefiwa na mzazi, na hilo huathiri kiasi atakachopangiwa. Linganisha pia majina herufi kwa herufi: “Mwanaidi” kwenye cheti cha kuzaliwa na “Mwanahidi” kwenye cha kidato cha nne ni kikwazo tosha. Kama alirudia mtihani wa kidato cha nne, namba anayoombea chuo iwe ileile ya kuombea mkopo.

Akishajaza mtandaoni, bado hajamaliza. Fomu ichapishwe, isainiwe na mwombaji na mdhamini, ipigwe mhuri wa serikali ya mtaa na wa wakili au hakimu, kisha kurasa hizo zipandishwe kwenye mfumo. Ukurasa mmoja usio na mhuri hukwamisha maombi yote.

Mkopo huja kwa mafungu: ada huenda chuoni moja kwa moja, bumu la chakula na malazi humfikia mwanafunzi. Wengi hupata sehemu tu ya ada, kwa hiyo ulizeni chuo mapema kama kinapokea malipo kwa awamu. Jina lisipotoka awamu ya kwanza, aendelee kuangalia akaunti yake; awamu nyingine hufuata, kisha dirisha la rufaa.