Maonyo ya kompyuta kwa dawa za kisukari na figo: uzoefu wa kliniki yetu

Ndugu uliyeuliza, umesema kituo chenu hapa Nairobi kinataka mfumo wa rekodi za wagonjwa uwaonye madaktari wanapowaandikia dawa watu wenye kisukari na figo dhaifu, ila mnahofia maonyo yatapuuzwa. Mimi ni mfamasia katika kliniki ya kisukari upande wa Eastlands, na mfumo wa aina hiyo tunautumia. Hofu yenu ina msingi, lakini kwa maoni yangu onyo hupuuzwa hasa linapomwachia daktari kazi ya kukokotoa.

Chukua mama wa miaka 62 mwenye kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) ya mikromoli 133 kwa lita. Tarakimu hiyo haimshtui mtu foleni ikiwa ndefu, ilhali kwa CKD-EPI ya mwaka 2021, fomula ya kukadiria kazi ya figo kutokana na kreatinini, umri na jinsia, figo zake zinachuja takriban mililita 39 kwa dakika, na metformini, dawa ya kisukari, ya gramu 2 kwa siku imeshakuwa nyingi mno. Onyo letu hujitokeza wakati uleule dawa inapoandikwa, likionyesha kiwango cha uchujaji, tarehe ya kipimo na dozi isiyozidi miligramu 1000 kwa siku, ambayo daktari huikubali kwa kubofya mara moja. Uchujaji ukiwa chini ya 30, metformini husimamishwa.

Kinachoniuma zaidi ni dawa ambayo haikuandikwa kabisa. Mgonjwa mwenye shinikizo la damu na albumini (protini ya damu) kwenye mkojo anahitaji enalaprili au losartani, dawa za shinikizo zinazolinda figo pia, na mwongozo wa 2022 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unapendekeza dawa kama dapagliflozini na empagliflozini kwa mwenye kisukari cha aina ya pili na ugonjwa wa figo, maadamu uchujaji ni 20 au zaidi. Mfumo unaojua kuzuia tu hauwezi kumkumbusha daktari hayo. Tena kuna mtego: dapagliflozini hushusha uchujaji kidogo mwanzoni, na kreatinini kupanda kwa kiasi kisichozidi asilimia 30 katika wiki nne za kwanza za losartani si sababu ya kuiacha. Kompyuta ambayo haikuelekezwa hivyo itapiga kengele, na dawa inayozilinda figo itaondolewa.

Kabla ya hayo yote, anzeni na maabara. Wagonjwa wengi hupimwa mitaani wakaja na karatasi au picha kwenye simu, na matokeo yasipoingizwa, mfumo hauna cha kusoma. Msikubali tarakimu isiyo na kizio, kwa kuwa maabara moja itaandika kreatinini 1.5 kwa miligramu kwa desilita na nyingine 133 kwa mikromoli kwa lita, na damu ni ileile. Kipimo kikiwa cha zamani, afadhali onyo liombe kipya kuliko kupendekeza dozi.

Kwetu, daktari anayekataa onyo huchagua sababu, nasi huzipitia sababu hizo kila mwezi pamoja na madaktari na wauguzi. Onyo linalokataliwa na karibu kila mtu huandikwa upya au huondolewa.