Maswali Yenu: Fremu za Tabora na Majina Yaliyopakwa Chokaa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tabora mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: hapa palikuwa na nini kabla ya sasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Tumepanga fremu karibu na Soko Kuu. Wazee wanasema lilikuwa duka la Mhindi, likawa la ushirika, likawa la RTC (kampuni ya biashara ya mkoa), kisha la vitenge. Sisi tunauza simu. Tunataka kuandika historia hiyo ukutani, lakini kila mzee ana mwaka wake. Tuanzie wapi? – Msomaji, Kanyenye

JIBU: Anzeni na ukuta, wazee wafuate. Usiku, zimeni taa, kisha mmoja ashike tochi ubavuni kabisa mwa ukuta wa mbele, mwanga ukipita sambamba na plasta. Herufi za zamani zilizoandikwa kwa rangi ya mafuta hubaki zimevimba kidogo hata zikipakwa chokaa mara kumi, na kivuli chake huonekana. Pigeni picha mkiwa na rula pembeni.

Zikionekana herufi, msizikwangue. Nendeni kwenye kona isiyoonekana, lowesheni kwa kitambaa, mkwangue ngazi kwa ngazi kwa wembe mpya: rangi ya juu sentimita 2, inayofuata sentimita 2, mpaka mfike kwenye plasta. Msipige msasa mkavu, kwa kuwa rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Kosa la kawaida ni kuhesabu tabaka za nguzo moja na kudai ndizo za jengo zima. Nguzo za baraza hupakwa mara nyingi kwa sababu watu huziegemea. Ukuta wa juu, chini ya bati, hupakwa mara chache. Hesabuni sehemu tatu.

Sasa wazee. Msiwaulize mwaka. Ulizeni walinunua nini humo, na walikipataje. Mtu husahau mwaka, lakini foleni haisahau. Mzee akisema alipewa sukari kilo moja kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, hapo mnazungumzia duka la kaya, yaani miaka ya uhaba, mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akisema vitenge vilitundikwa mpaka barazani na muuzaji akamwita yeye, hiyo ni baada ya bajeti ya Juni 1984, waagizaji waliporuhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Akitaja ratili na frasila badala ya kilo, mmerudi nyuma zaidi.

Kumbukumbu hizo zitundikeni kwenye misumari michache ambayo haichezi. Reli ilifika Tabora 1912, na maduka yakaanza kuhesabu mizigo kwa behewa badala ya kwa wapagazi. Azimio la Arusha ni Februari 1967, na biashara ya jumla na ya nje ikaanza kwenda serikalini. RTC zilifuata katika miaka ya 1970. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kisha 1976, Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na ya ushirika. Iliyumba haraka, kwa kuwa mlango unafungwa kwa siku moja lakini mtandao wa kuleta chumvi, mafuta ya taa na sabuni haujengwi kwa siku moja. Kwa hiyo mzee akisema "duka la ushirika", muulize kama mwenye duka wa zamani aliondoka kabla au alifungiwa mlango. Mara nyingi jibu linatenganisha 1971 na 1976.

Angalieni pia kama mwenye duka alilala nyuma ya duka lake. Sheria ya 1971 ililenga nyumba za kupangisha, hivyo chumba cha mbele chenye kaunta na familia nyuma kinaweza kuwa hakikuguswa kabisa, hata kama jirani mwenye ghorofa alipoteza jengo.

Karatasi ziwe za mwisho. Chukueni namba ya kiwanja na kitalu kwa mwenye nyumba, mwende ofisi ya ardhi kuomba upekuzi wa hati. Hapo mtapata mmiliki wa jengo. Mfanyabiashara ni habari nyingine: leseni hutolewa kwa mtu na kwa muda, na jina la biashara husajiliwa peke yake BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ndiyo maana watu wawili hugombana, mmoja anasema duka lilikuwa la fulani, mwingine la fulani, na wote wako sawa: mmoja anamtaja mwenye nyumba, mwingine mwenye mizani.

Bango la bati likiwa bado lipo stoo, someni namba ya simu kabla ya jina. Namba inayoanza na 0744 iliandikwa kati ya 2000 na katikati ya muongo ule, kabla haijageuzwa kuwa 0754. Hakuna mzee atakayewapa tarehe safi namna hiyo.

SWALI: Kwa nini hoteli za zamani karibu na stesheni hazina hata kitanda kimoja? Na kwa nini nyingi zimekufa? – Msomaji, Cheyo

JIBU: Kwa Kiswahili cha mitaani hoteli ni mahali pa kula, pa kulala ni gesti. Aliyeandika "Hoteli" juu ya mlango alikuwa anauza chai, maandazi na wali maharage, na kila msafiri alimwelewa.

Kuhusu kufa kwake, tazama ramani ya reli. Tabora ni njia panda: reli inaendelea Kigoma, na tawi la Mwanza, lililokamilika 1928, linachepukia hapo. Abiria wa Mpanda nao hupita hapo kabla ya kuachana na wa Kigoma kule Kaliua. Treni ikifika, mabehewa hukatwa na kuunganishwa upya, na abiria husubiri kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku. Hoteli ya stesheni ilijengwa kwa ajili ya kusubiri huko. Ndiyo maana utaona benchi ndefu badala ya meza ndogo, sinki la kunawa mbele kabisa, na dirisha la kupokelea chai nje kwa yule anayeogopa kuachwa.

Barabara za lami zilipofika, abiria wakahamia mabasi, na sahani zikawafuata stendi. Mama lishe alihama kwa siku moja, sufuria kichwani. Mwenye hoteli alikuwa na jiko la kuni la tofali lililojengewa ukutani, halibebeki. Tofauti hiyo iliua nyingi kuliko ubaya wa chakula, kwa maoni yetu, maana pilau ya stesheni haikuwa mbaya.

Ukitaka kujua kama fremu fulani iliwahi kuwa hoteli, ingia chumba cha nyuma uangalie kenchi. Moshi wa kuni huacha masizi meusi yenye mng'ao, kama lami iliyokauka, na hayatoki kwa maji. Mkaa huacha doa la kijivu tu juu ya mahali pa jiko. Gesi karibu haiachi kitu, ila utakuta tundu la mpira ukutani. Usidanganyike na masizi ya chumba cha mbele, kwani huko palikuwa na karabai au kibatari.

SWALI: Fundi wetu amekuta chini ya sakafu ya duka sarafu ya njano yenye taji na "20 Heller". Nimeambiwa niisafishe kwa ndimu ndipo niipeleke kwa mnunuzi. – Msomaji, Isevya

JIBU: Ndimu iweke kwenye mchuzi. Asidi yake huvuta zinki kutoka kwenye shaba nyeupe (mchanganyiko wa shaba na zinki) na kuacha uso wa waridi wenye vinyweleo, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani kwa mkusanyaji. Iloweke kwenye maji ya betri yaliyokenekwa (yale yasiyo na asidi) kwa siku moja, ikaushe kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, basi.

Tafuta herufi DOA (Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916 na herufi T. Ukizipata, hiyo ilitengenezwa hapo hapo Tabora, katika karakana ya reli, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wamezibiwa njia ya bahari na chenji imekauka madukani. Walitumia chakavu cha shaba na maganda ya risasi za mizinga. Sarafu za heller 5 na 20 ndizo zilizokuwa chenji ya dukani. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo ilitoka karakana hiyo hiyo. Wabelgiji waliingia mjini Septemba 1916, kwa hiyo kazi yote haikufika mwaka. Mtu akikuletea ya dhahabu, ipime kwanza: halisi ina gramu 7.17 hivi. Ya bandia aghalabu huwa nyepesi.

SWALI: Naweka risiti za hoteli yetu kama kumbukumbu. Za mwaka juzi zimeanza kufutika. Nizipige plastiki ya moto? – Msomaji, Ipuli

JIBU: Hapana! Risiti ya EFD, mashine za risiti za kodi zilizoanza kutumika 2010, haina wino; karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto. Mashine ya plastiki itaigeuza nyeusi yote. Piga fotokopi kwenye karatasi ya kawaida leo, andika tarehe kwa penseli nyuma ya nakala, kisha hifadhi ya asili kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jiko na mbali na mfuko wa nailoni. Zile za zamani za kitabu zilizoandikwa kwa kalamu na kaboni hazina shida hiyo. Shida yake ni mchwa, basi ziweke kwenye debe la bati lenye mfuniko, lisikae sakafuni.