Windows 10 imeachwa, laptopu usiitupe

Tangu Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa kila mara ni: "Kaka, ninunue nyingine?" Wengi wanaoniuliza wana zile mtumba za kazi tulizozizoea, HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T460. Ukiziwekea SSD (diski ya kasi) na RAM ya GB 8 zinakimbia vizuri tu. Kinachozikwamisha ni prosesa ya kizazi cha sita, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka cha nane na kuendelea.

Huwa nawajibu: bado. Watumiaji wa nyumbani wameongezewa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipia dola 30, ila sioni sababu. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe mtandaoni, unapewa bure. Lazima uwe na toleo la 22H2. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia, utaliona. Kisha fungua Windows Update ujiandikishe.

Watu wakishajiandikisha hudhani wamemaliza. Wengi wetu tunatumia hotspot ya simu, na kwa kulinda bando tumeiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa kupimwa (metered connection), yaani data yake ina kikomo. Ikishajua hivyo, masasisho mengi haiyapakui yenyewe, na mwenye mashine hana habari. Mimi ninachofanya: Microsoft hutoa masasisho Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo siku moja au mbili baadaye natafuta Wi-Fi ya kuaminika au bando la usiku, nabonyeza mwenyewe, nasubiri hadi iwake upya. Ukikuta Windows Update imezimwa kabisa, muulize fundi aliyekuwekea Windows hiyo. Na programu yoyote ya "kuamsha" Windows inayokutaka uzime antivairasi kwanza, achana nayo.

Kuna wanaosema Defender, antivairasi inayokuja na Windows, inatosha. Ni kweli itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini haizibi matundu ya Windows yenyewe. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita kwenye tundu ambalo dawa yake ilitolewa Machi mwaka huohuo, tena bila mtu kubonyeza chochote.

Baada ya Oktoba 2026, kama kazi yako ni kivinjari na barua, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaione kwanza. Mwenye programu ya uhasibu inayokubali Windows pekee aanze kudunduliza. Siku ya kununua, usikubali kuambiwa "ni Core i5" basi. Soma namba yote: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Dukani zote mbili zinaandikwa i5.