Embe kali, mtu mkali

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kwa nini uchachu tunaufurahia mdomoni, lakini tukitaka kumsema mtu vibaya tunasema sura imemchacha au kanuna kama kalambishwa ndimu. Nusu ya kwanza ya swali naikubali. Hiyo ya pili, kwa huku Mwanza, naibishia.

Simama jioni karibu na stendi ya Nyegezi umsikilize anayenunua embe bichi. Hasemi anataka embe chachu. Anauliza, "Dada, hizi kali?" Akihakikishiwa kuwa ni kali kwelikweli, ndipo anatoa hela. Dada anakata vipande virefu, anavipaka chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, na kabla chenji haijarudi mteja ameshafumba jicho moja. Sasa neno hilohilo la embe ndilo tunalompa fundi wa injini asiyebahatisha, mshambuliaji asiyekosa goli na binti anayeongoza darasa kwa hesabu. Mkali! Nani kati yao amewahi kulalamika kwamba katukanwa? Hata yule sungura aliyeshindwa kuyafikia matunda hakuyasingizia ukali. Alisema sizitaki mbichi hizi, akaenda zake.

Tena kwetu uchachu si wa kuchangamsha ulimi tu. Ukerewe na vijiji vingi vya kandokando ya ziwa watu wanakula ugali wa udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa. Muhogo mchungu una sumu ya asili inayotoa sianidi, kwa hiyo hauendi moja kwa moja sufuriani. Unamenywa, unalundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka ulainike na ushike ile harufu yake, halafu unaparuzwa, unavunjwavunjwa na kuanikwa juu ya mawe, ambayo Mungu katupa ya kutosha. Kadiri muhogo unavyolainika ndivyo sumu inavyopata njia ya kutoka, na jua linamalizia. Mgeni kutoka Dar akifunuliwa hotpoti anarudisha shingo nyuma. Bibi yangu yeye alikuwa anachukua kipande kikavu, anakifikicha kati ya vidole, ananusa, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi na kutema. Kama hajaridhika, hakuna kugusa mtwangio, hata mlie njaa namna gani. Sianidi hakuwahi kuisikia. Lakini miaka ya 1980, huko Tarime, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usioponyeka, na wataalamu waliuhusisha na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Ulikuwa wakati wa ukame. Njaa ilikuwa imezila zile siku za kungoja. Kwa hiyo mtu akiniambia uchachu ni ladha mbaya, namuuliza kama amewahi kula muhogo uliokosa muda wake.

Kwenye samaki sitakawia. Sato au kambale aliyetoka kwenye matope huwa na harufu ya udongo, inayoletwa na kitu kiitwacho jiosmini, kinachotengenezwa na bakteria wa majini na wa ardhini. Tindikali inakivunja. Ndiyo maana mama lishe wa Mwaloni Kirumba anamkamulia samaki ndimu kabla hajaingia jikoni, na nyingine anakuletea pembeni ya bakuli. Wanaodhani ile ni mapambo waendelee kuiacha kwenye sahani.

Ninapokubaliana nanyi ni kwenye kuchacha kwenyewe. Wali wa jana umechacha, mchuzi umechacha, na ikifika tarehe ishirini na kitu mwenye mshahara naye anakuambia, "Kaka, nimechacha." Hapo kweli hakuna sifa. Ila tazameni: wali huo hakuna aliyekusudia uchache, ulisahauliwa tu usiku kucha. Udaga na maziwa mgando vina mtu anayevichungulia. Kwa hiyo nadhani lawama yetu inamwendea aliyesahau, na ladha yenyewe haimo.

Halafu kuna ukakasi, ambao kwenye swali lenu mmeuacha na mimi naona ndio wenye maneno mengi. Ukila embe kali nyingi, ulimi unasahau upesi lakini meno hayasahau. Kesho yake unatafuna ugali laini na bado unashtuka. Siku hizi huwezi kumaliza gazeti bila kukuta mkataba wenye ukakasi, uteuzi wenye ukakasi, zabuni yenye ukakasi. Aliyelipeleka neno hilo kwenye siasa alikuwa anajua kula embe, maana mikataba hiyo nayo siku ya kusainiwa huwa ni makofi na picha za pamoja, na shida inaanza pale watu wanapotaka kutafuna kitu kingine.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza