Dragon Age II: Jinsi ya Kuicheza Usiishie Kuichukia

Dragon Age: Origins ilitoka Novemba 2009, Dragon Age II ikafuata Machi 2011. Kwa gemu la ukubwa huu, miezi 16 ni muda wa kulipua kazi, na BioWare, watengenezaji wake, walilipua. Kila kazi unayopewa, pango ni lile lile, ghala lile lile, isipokuwa safari hii mlango mmoja umezibwa na mwingine umeachwa wazi. Ramani ya pembeni haijisumbui hata kuficha: inakuchorea pango zima, pamoja na vyumba usivyoweza kuingia.

Ukiingia ukitafuta Origins nyingine utakasirika kabla hujatoka Kirkwall, mji wa hadithi hii, na kutoka kwenyewe hutoki sana. Ila kama unaelekea Inquisition, gemu la tatu, la 2014, usiiruke hii. Hawke, mhusika unayemchezesha hapa, na mwenzake Varric wanarudi kule, na adui mkuu wa kule, Corypheus, anaonekana kwanza kwenye Legacy, nyongeza ya gemu hili iliyouzwa kando.

Kinachowashinda wengi ni mapigano. Maadui huja kwa mawimbi: ukimaliza kundi la kwanza, jingine linadondoka kutoka juu, mara nyingi nyuma yako, alipo mchawi wako. Mbinu ya Origins ya kuweka mwenye ngao mbele na wachawi nyuma inavunjika hapo hapo. Simamisha gemu, wapange wenzako wakiwa wameegemea ukuta au mlangoni, na usimalize mana (nguvu ya uchawi) yote kwenye wimbi la kwanza. Akitokea muuaji wa visu, mgeukie yeye kwanza, maana anaweza kumlaza mchawi kwa pigo moja.

Halafu soma maelezo ya kila uwezo kabla ya kutumia pointi. Tafuta maneno matatu: BRITTLE huletwa na wachawi, STAGGER na wapiganaji, DISORIENT na wenye visu na upinde. Adui akishapata hali mojawapo, mwenzako wa fani nyingine humpiga kwa nguvu mara kadhaa zaidi. Kwa kawaida mambo haya hayafanyi kazi mpaka ununue toleo lililoboreshwa la uwezo husika, kwa hiyo ni heri uwezo mchache ulioboreshwa kuliko mwingi mtupu. Kwenye Nightmare, kiwango kigumu kuliko vyote, kumbuka moto wako unawaunguza na wenzako. Kwenye viwango vingine hauwagusi.

Kati ya wachawi wenzako, Merrill hana uponyaji. Ukimwacha Anders, mponyaji, nyumbani, jaza chupa za dawa.

Sura ya kwanza inakudai sarafu 50 za dhahabu ili ushiriki msafara wa Deep Roads, njia za chini ya ardhi. Usikimbilie kuondoka ukizipata. Maliza kwanza kazi ndogo za mjini, za mchana na za usiku, kwani nyingi hufungwa ukishaondoka, na umchukue Isabela, mwenzako mwingine, pale baa ya Hanged Man. Ndugu yako, Bethany au Carver, ndiye uamuzi mzito: ukimbeba bila Anders, anafia huko chini. Ukimbeba pamoja na Anders, anaokolewa kwa kufanywa mpiganaji wa kundi la Grey Warden. Ukimwacha mjini, Bethany anachukuliwa na Circle, taasisi ya wachawi, Carver anajiunga na Templars, askari wanaowalinda wachawi.

Kuhusu wenzako, usihangaike kumfurahisha kila mtu. Upinzani (Rivalry) nao una faida zake ukiufikisha mwisho wa kipimo chake. Kinachoharibu ni kubaki katikati, leo unamsifu, kesho unamkera. Isabela hasa: akibaki vuguvugu, mwisho wa sura ya pili anatoweka na harudi.

Ukipigana na Arishok, adui mkuu wa sura ya pili, peke yako, zunguka nguzo za ukumbi. Akikimbia kukuvamia, pisha, mpige mgongoni, kisha ondoka.

Sasa, asiyetaka kujua mwisho aishie hapa. Ukiwaunga mkono wachawi au Templars, utapigana na Orsino, kiongozi wa wachawi, na Meredith, kiongozi wa Templars, wote wawili. Hilo ndilo kosa baya kuliko mapango, kwa sababu sura tatu nzima zilikuaminisha kwamba uchaguzi wako una uzito. Kwa hiyo usitunze faili mbili za mchezo ili uone miisho miwili. Chagua upande wako, umalize, uende Inquisition.