Wasomaji Wauliza: Nigombee Udiwani Kisesa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Kisesa, kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma. Nilipohamia, sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa mashamba. Leo watu waliokosa viwanja Jijini Mwanza wanajenga huku kila siku, na baadhi ya nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la wagonjwa haliwezi kufika mlangoni. Wateja wangu wananisihi nigombee udiwani. Sina chama, sikuzaliwa hapa, na sijui gharama zake. Je, inawezekana, na nikishinda nitaweza kuwaletea barabara na maji? – Msomaji, Kisesa, wilayani Magu.

JIBU: Ndugu msomaji, suala la kuzaliwa lisikuumize kichwa. Sheria inamtaka mgombea udiwani awe raia wa Tanzania aliyetimiza umri wa miaka 21, anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, mwenye kipato halali, na mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri. Haiulizi kitovu chako kilizikwa wapi, ingawa wazee wa hapo watakuuliza, na wana haki ya kuuliza.

Suala la chama ndilo zito. Nchini mwetu hakuna mgombea binafsi: Mahakama ya Rufani ilikataa kumruhusu mwaka 2010, na ijapokuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliona mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, utaratibu haujabadilika. Kwa hiyo utalazimika kujiunga na chama chenye usajili wa kudumu na kukubalika humo kabla hujafikiria wapiga kura. Usijiunge miezi miwili kabla ya kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea. Wanachama waliohudhuria vikao vya tawi kwa miaka mingi humtambua mgeni wa msimu upesi sana, na humlipa anavyostahili.

Kuhusu gharama, fedha ambayo sheria inakudai wakati wa uteuzi ni ndogo. Kinachomaliza mtaji ni nauli, soda, mafuta ya bodaboda na fulana. Hapo uwe mwangalifu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inaweka ukomo wa matumizi na kumtaka mgombea aeleze fedha zake zilitoka wapi na zilitumikaje. Mifuko ya saruji utakayoipeleka msikitini au kanisani kwa moyo safi wakati wa kampeni inaweza kusomwa vingine kabisa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Sasa tuje kwenye barabara na maji, kwa kuwa hapa ndipo wagombea wengi hujifunga kwa ndimi zao. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na za mijini zimekuwa chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na huduma ya maji ina mamlaka zake, ikiwemo RUWASA, wakala wa maji kwa upande wa vijijini. Diwani huyapeleka mahitaji ya kata huko, huyafuatilia na hupiga kelele, lakini hana greda wala bomba. Wala hawaajiri au kuwafukuza watumishi: Mkurugenzi wa Halmashauri huteuliwa na Rais, na akikukatalia kwa hoja ya kisheria, kura zako zote za Kisesa hazitamhamisha kwenye kiti.

Alicho nacho diwani, na ambacho katika mji unaokua kama wenu tunakiona kuwa na thamani kuliko lami, ni ardhi ambayo bado haijajengwa. Halmashauri ni mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, nayo hutunga sheria ndogo na kupitisha bajeti katika Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa vijiji huketi pamoja na mtendaji wa kata akiwa katibu. Njia ya gari, eneo la soko, shule na makaburi vikitengwa leo kwenye shamba la mihogo, kazi kubwa ni kuelewana na mwenye shamba na mkutano mkuu wa kijiji. Vikitafutwa miaka mitano baadaye, katikati ya nyumba za matofali, kazi ni fidia, na fidia hukwamisha miradi hata mahali penye fedha. Gari la wagonjwa uliloliandika kwenye barua yako lilizuiwa siku ile mtu wa kwanza alipouza kipande cha shamba bila kuacha njia.

Tena, usitukasirikie: kila nyumba inayoota bila ramani ni mteja wako wa mabati na nondo. Ukiwa diwani utatakiwa kutamka maslahi yako pale jambo linalokuhusu linapojadiliwa, zikiwemo zabuni za ujenzi. Litafakari hilo na familia yako kabla ya kulitafakari na wateja.

Wakati unapima, nenda Magu mjini siku ya kikao cha Baraza. Mikutano hiyo iko wazi kwa wananchi. Keti nyuma, uangalie ni madiwani wangapi wamesoma kabrasha kabla ya kufika.

SWALI: Je, diwani wa viti maalum ana kura kamili? Hapa Buhongwa tunaambiwa ni msindikizaji tu. – Mama msomaji, Nyamagana.

JIBU: Anayo, mama, sawasawa na diwani wa kata, ndani ya Baraza na kwenye kamati anazopangiwa. Wanawake wa viti maalum hawapaswi kupungua theluthi moja ya madiwani wa kata na wabunge walio katika halmashauri, idadi inayotosha kugeuza uamuzi wa bajeti wakiungana. Asichokuwa nacho ni kata ya kuongoza. Kikao cha kata yenu huendeshwa na diwani mliyemchagua.