Mchanga na filta ya tangi la kamba wadogo

Ndugu, umeuliza kama mchanga wa ufuo wa Nyali na filta ya mota iliyokuja na tangi lako la lita 40 vitawafaa kamba wekundu, Neocaridina. Mchanga huo uache huko huko. Una vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa, na maji ya visima vya hapa Mombasa mara nyingi tayari ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Jaribu: kijiko kimoja cha mchanga mkavu ndani ya kikombe, tia siki. Ukitoa povu, pH, kipimo cha asidi ya maji, inaweza kupita 8, na hapo amonia, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, huwa sumu kali zaidi, hasa kwa joto letu.

Tafuta changarawe nyeusi isiyotoa povu, punje za milimita 1 hadi 3, uioshe mpaka maji yatoke safi, utandaze sentimita 3. Udongo maalumu wa kushusha pH usinunue; maji magumu huumaliza nguvu upesi, kisha pH inayumba.

Filta ya mota itafyonza watoto wa kamba. Chukua ya sponji na pampu ya hewa: mapovu yanaongeza oksijeni, ambayo hupungua maji yakipata joto. Tia vali ya kuzuia maji kwenye mpira wa hewa, la sivyo stima ikipotea maji yatarudi mpaka kwenye pampu. Sponji ikamue kwa maji uliyoyatoa tangini, kwani klorini ya bomba huua bakteria wanaoondoa amonia. Kabla ya kutia kamba, liendeshe tangi wiki 4 hadi 6 ukitia chembe za chakula, mpaka amonia na naitraiti, sumu ambayo amonia hugeuka kuwa, zisome 0 kwenye kipimo.